Jina na Daftari: Maneno juu ya Msaada wa Serikali kwa Wakulima Waliopotewa na Mazao

Hotuba iliyotolewa mbele ya Wakristo wa Kariakoo na mitaa ya jirani, Dar es Salaam, katika juma la Jubilei



Siku hizi za Jubilei wenzetu wamekwisha kusema vizuri juu ya makanisa yaliyojengwa, na shule zilizofunguliwa, na wazee waliotutangulia. Sisi tumeagizwa kusema juu ya jambo la kazi ya mikono, nalo ni hili: mkulima akipotewa na mazao yake kwa mafuriko, au kwa ukame, au kwa kuliwa na wanyama wa mwitu, naye hana bima, Serikali humpa nini, humpa kwa njia gani, na kwa sababu gani mara nyingine msaada humpita asiupate.

Pengine mtu atasema, "Hayo ni maneno ya watu wa shamba; sisi tu watu wa Kariakoo, shamba letu ni meza ya sokoni." Lakini tukitazama vema tutaona kwamba sivyo. Mchele, vitunguu, nyanya, ndizi na mahindi tunayouza yametoka mikononi mwa mtu aliyelima. Mto ukifurika bondeni, bei hupanda hapa mjini. Tena wengi wetu tukaao Gerezani, Mchikichini, Jangwani, na Kariakoo yenyewe, tuna eka moja au mbili huko Rufiji, au Kibiti, au Mkuranga, au Kisarawe. Nyingine ni za urithi, nyingine ni za kukodi. Mwili u mjini, na jembe li shambani. Watu wa namna hiyo ndio tunaowafikiri hasa leo.

Tuwape mfano wa mama mmoja wa jumuiya yetu, ambaye hatutamtaja jina. Kazi yake ni kuuza mchele kwa kibaba na kwa kilo. Alikodi eka mbili za mpunga katika bonde la Rufiji, kwa maneno ya mdomo tu, mbele ya shahidi mmoja. Fedha ya kulimia alipata sehemu katika kikundi chake cha kuweka akiba, na sehemu alipewa kwa mali kauli na mwenye duka aliyemwamini. Mwezi wa Aprili 2024 mto ukafurika. Maji yakakaa juu ya mpunga kwa majuma, na yalipopungua hapakuwa na kitu cha kuvuna. Hata misaada ilipofika, wenyeji wakaitwa kwa orodha ya wakazi wa kijiji. Yeye hakuwa mkazi. Jina lake halikuwamo. Akarudi mjini, akauliza katika mtaa anaokaa. Wakamjibu kwa upole kwamba mtaa wao haukupatwa na mafuriko ya Rufiji, wala wao hawana orodha ya mashamba ya watu. Nao walisema kweli. Wale wa kijijini nao walifanya sawasawa na karatasi waliyokuwa nayo. Basi mama yetu akaanguka katikati ya madaftari mawili, wala hapana mtu unayeweza kumnyoshea kidole ukasema, "Huyu ndiye aliyemdhulumu." Lakini deni la mali kauli lilikuwa pale pale. Alilimaliza baada ya miezi 14, na kwanza aliuza cherehani yake.

Mafuriko yale hayakuwa madogo. Tarehe 25 Aprili 2024 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa aliliambia Bunge kwamba mvua za El Niño zilikuwa zimekwisha kuua watu 155 katika nchi yetu, na kujeruhi 236, na kwamba kaya zaidi ya 51,000, zenye watu zaidi ya 200,000, zilikuwa zimeguswa na msiba huo. Tena Mto Rufiji haukuanza kufurika jana. Wenyeji wake wamejifunza tangu zamani kuishi na maji hayo. Yakiisha kupungua hupanda katika udongo mbichi ulioachwa na mto, na kilimo hicho hukiita mlau. Baada ya mafuriko makubwa ya mwaka 1968 Serikali iliwahamisha watu wengi kutoka bondeni, ikawaweka katika vijiji vya juu. Nyumba zikapanda juu, lakini mashamba yakabaki chini, kwa kuwa rutuba imo chini. Ndiyo maana mto ukifurika hata leo, wako watu ambao nyumba zao ni nzima na chakula chao chote kimekwenda na maji.

Kabla ya kuendelea, yatupasa kukumbuka jina la mahali hapa tulipokusanyika, maana lina fundisho. Katika vita kuu ya kwanza, Waingereza walipoutwaa mji huu mwaka 1916, waliweka hapa kambi ya kikosi chao cha wapagazi. Wenyeji walilisikia jina la kikosi hicho kwa Kiingereza, wakalitamka kwa ulimi wao, likawa Kariakoo. Wapagazi waliochukuliwa katika vita ile ya Afrika ya Mashariki walikuwa wengi mno, na makumi ya maelfu yao walikufa, wengi kwa maradhi na kwa njaa kuliko kwa risasi. Vita ilipokwisha, mishahara ya wengi waliokufa ilibaki bila mtu wa kuipokea. Jina liliandikwa vibaya, au kijiji hakikuandikwa, au jina moja lilikuwa la watu mia. Warithi wasijulikane walipo. Mwisho wake fedha ile haikuwafikia jamaa zao. Sanamu ya Askari iliyosimamishwa katikati ya mji mwaka 1927 yawakumbuka kwa jumla, askari na wapagazi pamoja. Lakini mjane aliyekuwa akingoja huko kwao hakulishwa na sanamu.

Wazee wetu walinena, "Mali bila daftari hupotea bila habari." Sisi twasema kwamba hata msaada bila daftari hupotea vivyo hivyo. Hilo ndilo neno tunalotaka mwende nalo nyumbani. Lakini ili lieleweke, hatuna budi kwanza kutenganisha maneno manne ambayo watu huyachanganya, wakadai hili walipostahili lile, wakarudi na uchungu. Maneno hayo ni fidia, kifuta jasho, msaada, na bima.

Neno la kwanza ni fidia. Fidia ni deni. Serikali ikitwaa ardhi ya mtu kwa ajili ya barabara, au reli, au kazi nyingine ya watu wote, Sheria za Ardhi za mwaka 1999 zaagiza alipwe fidia kamili, ya haki, na kwa wakati, na katika hesabu hiyo mna mali aliyoipanda na kuijenga juu ya ardhi. Hapo mtu ana haki ya kudai, na akinyimwa aweza kwenda barazani. Lakini mto hautwai shamba kwa amri ya Serikali, wala ukame hautumwi na waziri. Kwa hiyo mwenye mazao yaliyozama akienda kudai fidia, ataambiwa kwamba hakuna anayedaiwa.

Neno la pili ni kifuta jasho. Hili ni la wale ambao mazao yao yameliwa au kukanyagwa na wanyama wakali, kama tembo na viboko. Kanuni zake zilitolewa mwaka 2011 chini ya sheria ya kuhifadhi wanyamapori, na jina lenyewe lilichaguliwa kwa makusudi: kumfuta mtu jasho si kumlipa ujira wa kazi yake. Viwango vilivyowekwa mwaka ule vilikuwa shilingi 25,000 kwa eka moja iliyo karibu na mpaka wa hifadhi, vikipanda kwa kadiri shamba lilivyo mbali, hata kufika shilingi 100,000 kwa eka. Na eka zinazohesabiwa zisizidi tano. Aliyelima ndani ya nusu kilometa kutoka mpaka hakuwa na fungu. Na mtu akiuawa na mnyama, jamaa zake walipewa shilingi 1,000,000, nayo iliitwa kifuta machozi. Sasa fanyeni hesabu. Mtu amelima eka kumi katika nchi ya karibu na hifadhi, tembo wakapita usiku mmoja wakazimaliza zote. Kwa viwango vile angepata shilingi 125,000 kwa eka tano. Zile tano nyingine hazina neno. Hatusemi haya kwa kuidharau Serikali. Twasema ili mtu asiitazame fedha hiyo kana kwamba ni mavuno yake yaliyorudishwa. Tena hata hiyo ndogo haiji yenyewe: ni lazima habari ipelekwe upesi kwa wakubwa wa kijiji, na ofisa aje kuona nyayo na mabua kabla mvua haijayafuta.

Neno la tatu ni msaada wa maafa, na hapa ndipo wengi hukosea. Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya mwaka 2022 imeweka kamati tangu taifa, mkoa na wilaya hata chini kwenye kata, vijiji na mitaa, na kazi ya juu yasimamiwa katika Ofisi ya Waziri Mkuu. Msiba ukitokea, kamati huandika walioguswa, na msaada hushuka kwa njia hiyo: unga, maharage, mablanketi, mahema, dawa, na baadaye mbegu. Uko pia Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula, ulioanzishwa mwaka 2008, ambao huweka nafaka ghalani na kuitoa mahali penye upungufu, mara nyingine kwa kuiuza kwa bei nafuu. Hayo yote ni mema, na watu wengi wako hai kwa sababu yake. Lakini angalieni jinsi msaada unavyopima. Msaada huhesabu vinywa, hauhesabu eka. Mwenye eka ishirini na mwenye robo eka, wakiwa wana watoto sawa, hupewa unga sawa. Wala si dhuluma, kwa maana kazi ya msaada ni kumzuia mtu asife njaa. Kazi yake si kulipa deni la mali kauli, wala karo ya watoto, wala kodi ya shamba la msimu ujao. Tena kwa kuwa huhesabu vinywa, huvihesabu mahali vinapolala. Mwenye kulala mjini na kulima bondeni hana kinywa katika kijiji kile.

Neno la nne ni bima. Bima ni fedha kidogo itolewayo na wengi mapema, ili apewe yule atakayepatwa. Bima yenyewe si kitu kigeni kwetu; Shirika la Bima la Taifa lipo tangu mwaka 1963, na siku hizi yako makampuni mengi, na Mamlaka ya Usimamizi wa Bima ya kuyaangalia. Lakini kwa miaka mingi bima ilikuwa ya motokaa na ya majengo. Kampuni iliona taabu kumtuma mtu akapime hasara ya eka mbili za mpunga kule Kibiti, kwa kuwa nauli yake yashinda malipo yenyewe. Katika miaka hii imepatikana njia nyingine: badala ya kwenda shamba kwa shamba, hupimwa mvua au majani ya eneo zima kwa vyombo vilivyo angani. Mvua ikipungua chini ya kiasi kilichoandikwa, au ikizidi, wote walioandikishwa katika eneo hilo hulipwa bila kuja mkaguzi. Mwaka 2023 makampuni ya bima katika nchi yetu yalijiunga pamoja ili kubeba bima ya kilimo kwa umoja, maana ukame mmoja mkubwa waweza kuiangusha kampuni iliyo peke yake. Serikali nayo imeondoa kodi ya ongezeko la thamani katika bima ya mazao.

Hata hivyo tusiwadanganye. Bima hiyo ina kasoro zake. Chombo chaweza kusema kwamba mvua ya eneo ilikuwa ya kutosha, hali shamba lako, lililo nyuma ya kilima, limekauka. Hapo hutapata kitu. Na mwaka wa neema ukija, ulichotoa hakirudi, ndipo watu husema wameibiwa. Tena kwa mtu mmoja mwenye eka mbili gharama ni nzito. Kwa hiyo twaona kwamba ni vema ichukuliwe na kikundi, au na chama cha ushirika, au pamoja na mkopo wa pembejeo, watu wakasomewa masharti kwa Kiswahili kabla ya kutia sahihi. Ndugu zetu wa Kenya walijaribu njia nyingine tangu mwaka 2015: Serikali yao iliwalipia wafugaji wa nchi kavu za kaskazini ada ya bima, ili malisho yakikauka walipwe mapema wapate kununua majani na maji kabla ng'ombe hawajafa. Ndiyo kusema, Serikali yaweza kutoa fedha yake kabla ya msiba, isingoje kutoa yote baada yake.

Wako wasemao kwamba kukata bima ni kutomtegemea Mungu. Tumelisikia neno hilo mara nyingi katika mafundisho, nasi tunawaheshimu wanaolisema kwa moyo safi. Lakini mtu afungaye mlango wake usiku hamkani Mungu. Yusufu kule Misri hakungoja njaa ifike. Aliagiza sehemu ya tano ya mavuno iwekwe katika miaka ya shibe. Akiba na imani hazijapigana bado.

Wako wengine wasemao kinyume: "Kwa nini nitoe fedha yangu, hali Serikali italeta msaada?" Hao tumewaonyesha kwamba msaada ni unga wa siku chache. Lakini neno lao lina ukweli ndani yake, na watawala wa nchi nyingi wanalijua. Serikali ikiahidi kumlipa kila mtu hasara yake yote, hapana atakayekata bima. Na ikikataa kabisa, watu watakufa. Marekani, ambayo ina bima ya mazao ya miaka mingi, iliona kwamba yako mazao ambayo hayana bima ya kuuzwa mahali fulani. Ikaweka, tangu sheria ya mwaka 1994, mpango wa Serikali kwa mazao hayo yasiyo na bima. Lakini sikieni masharti yake. Mkulima hana budi kuomba na kutoa ada kabla ya msimu. Hana budi kuandikisha eka alizopanda kila mwaka. Msiba ukitokea, hana budi kutoa habari ndani ya siku 15. Na katika daraja ya kwanza ya mpango huo, hulipwa tu kwa hasara iliyozidi nusu ya mavuno yake ya kawaida, na kwa asilimia 55 ya bei ya soko. Hata katika nchi ile tajiri, mpango huo humtazama aliyeandikwa kabla ya maji kupanda.

Na sisi wa Kariakoo hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta ushahidi. Ninyi nyote mwakumbuka usiku wa tarehe 10 Julai 2021, soko letu kuu lilipoungua, jengo lile lililochorwa na Beda Amuli na kufunguliwa mwaka 1975. Wengi waliopotewa na mali usiku ule hawakuwa na bima. Serikali haikuwaacha, ilitoa fedha nyingi za kulijenga soko upya. Lakini jengo ni la Serikali, na magunia yaliyokuwa ndani yalikuwa ya watu. Kujengwa kwa jengo hakukurudisha gunia hata moja. Na ilipofika zamu ya kupanga watakaorudi, mwezi wa Julai 2024, orodha za majina zilitangazwa, na waliokosa kujiona ndani yake wakapaza sauti hadharani. Hapo ilionekana tofauti ya watu na watu. Aliyeweka risiti za ushuru wake na karatasi ya kizimba alikuwa na kitu cha kuonyesha. Aliyepanga kwa mtu aliyepangishwa na mtu mwingine alikuwa na maneno tu, ijapokuwa maneno yake ni ya kweli na ameuza mahali pale miaka ishirini. Moto wa mjini na mafuriko ya shamba, vyote viwili huuliza swali moja: jina lako limeandikwa wapi?

Basi tufanye nini? Twawashauri mambo matano, nayo hayahitaji fedha nyingi.

La kwanza, mwenye kukodi shamba aandike. Karatasi moja yatosha: jina la mwenye shamba, jina la mwenye kukodi, eka ngapi, mahali gani, msimu gani, na fedha kiasi gani. Itiwe sahihi mbele ya mwenyekiti wa kijiji au wa kitongoji, na kila upande ushike nakala yake. Kukodi kwa mdomo ni desturi ya kuaminiana, nayo ni nzuri. Lakini maji hayajui desturi.

La pili, jina la mkulima liandikwe katika kijiji lilipo shamba, wala si mahali anapolala tu. Tangu mwaka 2022, Serikali ilipoleta ruzuku ya mbolea, wakulima wameandikishwa vijijini na kupewa namba. Wengi wa mjini hawakujiandikisha, wakidhani kwamba daftari lile ni la mbolea peke yake, nao hawatumii mbolea. Lakini daftari la wakulima ni ushahidi kwamba wewe ni mkulima, na ushahidi hauozi.

La tatu, msiba ukitokea, usikae mjini ukingoja maji yapungue. Peleka habari upesi, kwa simu na kwa maandishi, na kama waweza piga picha ya shamba likiwa limezama, penye mti au njia ijulikanayo na wenyeji. Baada ya mwezi mmoja shamba lililozama na shamba lisilolimwa hufanana.

La nne, vikundi vyetu vya akiba viache desturi ya kugawana yote mwisho wa mwaka. Sehemu ibaki, iitwe fungu la maafa, na iandikwe mapema ni hasara ya namna gani itakayolipwa na kwa kiasi gani. Kikundi chenye kanuni hakigombani siku ya msiba. Na vikundi vikubwa vitume watu wawili waende kuuliza masharti ya bima ya mazao, warudi watueleze wote.

La tano ni juu ya mali kauli. Ninyi wenye maduka, mwawasaidia watu sana, na mji huu haungeendelea pasipo neno lenu. Twawaomba muweke katika makubaliano yenu, tangu siku ya kwanza, neno moja juu ya msiba: kwamba mazao yakiharibika kwa jambo linalojulikana na watu wote, deni litalipwa kwa muda mrefu zaidi, bila nyongeza. Haliwapotezei mali yenu, nalo humwachia mtu cherehani yake.

Tungependa pia kusema neno moja la heshima kwa wakubwa wetu wa Serikali, nao wapo hapa leo wakitusikiliza. Tunashukuru kwa unga, na mbegu, na mahema. Ombi letu ni mawili. Orodha za msaada zisomwe mbele ya watu wote kijijini kabla ya kutumika, ili aliyesahauliwa aseme kabla gari halijaondoka. Na pawe na fungu katika orodha hizo kwa mtu alimaye mahali asipolala. Watu hao ni wengi katika mji huu, nao huulisha. Hawaombi kupewa mara mbili, kijijini na mjini. Waomba wahesabiwe mara moja.

Na sisi makatekista tumekwisha kukubaliana na wazee wa kanisa juu ya jambo dogo tuwezalo kulifanya. Sisi tumezoea madaftari: ubatizo twauandika, ndoa twaiandika, na mazishi pia. Basi kuanzia Jumamosi ijayo, baada ya sala za jioni, tutakaa katika chumba cha mafundisho, na kila mwenye shamba asiyejua kuandika vema, awe Mkristo au Mwislamu jirani yetu, atasaidiwa kuandika karatasi yake ya shamba bila malipo. Mama yule tuliyemtaja ameahidi kuja wa kwanza, kwa kuwa msimu huu amekodi tena, eka moja tu, na safari hii mwenye shamba amekubali kutia sahihi.

Leteni kalamu zenu, na jina la kijiji lilivyo sawasawa, na la kitongoji, na jina la baba. Mungu awabariki, na azibariki kazi za mikono yenu.